Mji Tulitoa, Jibu Hatukupewa

Barua nyingi za mwezi huu zimeangukia tamthilia moja, nayo ni ile ya Kimarekani iitwayo The L Word, iliyorushwa na kituo cha kulipia cha Showtime kuanzia tarehe 18 Januari 2004 hadi tarehe 8 Machi 2009. Inahusu kundi la marafiki wa West Hollywood, jijini Los Angeles, ambao wengi wao ni wanawake wanaopenda wanawake wenzao. Jina lenyewe ni tafsida, kwa sababu herufi moja, L, inasimama badala ya neno la Kiingereza lesbian, ambalo watu hawakuwa radhi kulitamka mbele ya wakubwa. Nasi wenye Kiswahili hatuna haki ya kuwacheka, maana neno tulilonalo sisi wengi hulichukua kama tusi, na ndiyo sababu halitumiki katika safu hii. Barua ya kwanza tumeifupisha kidogo. Aliye katikati ya tamthilia na hataki kujua yaliyo mbele, aiweke safu hii kando mpaka amalize.

SWALI: Mhariri wa safu, pokea salamu zangu. Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku, nimeishi Minnesota muda wa kutosha kuzoea theluji, na mwezi uliopita nilipokuwa nyumbani na mafua nilitoa kabatini boksi langu la DVD nikautazama upya ufunguzi wa msimu wa sita, ambao nilikuwa nimeapa kutoutazama tena.

Mara ya kwanza niliutazama Januari 2009 sebuleni kwa rafiki yangu. Tulikuwa wanne, tumekaanga sambusa za nyama, tumekatia ndimu, na tumekubaliana kwamba atakayeongea kabla ya tangazo la mwisho ataosha vyombo. Msimu wa tano ulikuwa umetuacha pabaya: Jenny Schecter, mwandishi wetu mwenye vituko, alikuwa amemfumania mpenzi wake Niki akiwa na Shane, yaani rafiki yake wa kufa na kuzikana anayeishi naye nyumba moja. Kwa miezi tulikuwa tumebishana kuhusu watakavyokutana tena. Basi runinga ikawaka, na kabla sambusa ya kwanza haijaisha mdomoni tukaona polisi nyumbani kwa wapenzi Bette na Tina, marafiki wameduwaa, na Jenny amekufa bwawani. Halafu tukarudishwa nyuma miezi mitatu, kana kwamba hakuna lililotokea.

Hakuna aliyeosha vyombo, maana tuliongea wote kwa pamoja. Nilichohisi kwanza ni hasira ya kupokonywa: nilikuja na swali langu la Jenny na Shane, nikapewa swali jingine ambalo sikuliomba. Kilichofuata kilikuwa aibu, kwa sababu nilikuwa mmoja wa watu waliomchoka Jenny. Huyu ndiye aliyewageuza marafiki zake kuwa riwaya, akabadilisha majina kidogo tu kisha akashangaa waliponuna. Huyu ndiye aliyemchukua mbwa mzee mgonjwa akampeleka kwa daktari wa mifugo alalishwe, ili tu apate njia ya kumkaribia daktari huyo, ambaye alikuwa mpenzi wa mhakiki aliyekiponda kitabu chake. Baada ya tukio la mbwa nilisema kwa sauti kwamba mtu huyu na aondoke. Sasa ameondoka, nami nilijiona kama niliyeapiza na kiapizo kikanasa.

Lakini kilichonikera zaidi kilikuja polepole. Kuanzia dakika ile sikuweza tena kumtazama mtu yeyote kwa utulivu. Alice na Tasha walikuwa wakizungumza kuhusu penzi lao linaloyumba, jambo ambalo kwa kawaida lingenikalisha kimya, nami nikawa napiga hesabu ya kama Alice ana nguvu za kumsukuma mtu. Nilikwenda kuwaona marafiki zangu, nikafanywa mpelelezi.

Naomba uniambie, je, huu ulikuwa usimulizi mzuri au ujanja wa kutufunga kwenye kiti? Na baada ya miaka yote hii, nani alimuua Jenny?

Mtazamaji wa Zamu ya Usiku, Minnesota

JIBU: Dada yangu, pole na mafua. Hilo la kuapiza usilibebe. Waandishi ndio waliokufikisha hapo kwa makusudi, kwani walitumia misimu miwili mizima kumfanya Jenny asivumilike, na ufunguzi ule ulihitaji watazamaji ambao tayari walikuwa wamemtakia mabaya.

Kuhusu ufundi, tulichofanyiwa ni kisengere nyuma cha kawaida kabisa, kama tulivyofundishwa shuleni: mwisho huwekwa mbele, kisha msimulizi hurudi kutuonyesha njia. Hakuna ubaya katika mbinu hiyo. Msimulizi anayetaja kifo mwanzoni huwa anatoa ahadi ya aina mbili, na ni lazima achague ipi anaitoa. Anaweza kuahidi kutuonyesha mtu alivyofikia kifo chake, na hapo hatuhitaji muuaji. Au anaweza kutuahidi jina. Sehemu ile ya kwanza ilimleta Lucy Lawless akiwa sajenti Marybeth Duffy, akaingia katika nyumba tuliyoizoea kwa miaka mitano kwa hatua za mtu asiyemjua yeyote mle ndani. Ukimleta polisi umeahidi jina. Huwezi baadaye kusema ulikuwa unasimulia habari za urafiki tu.

Hapa ndipo ninapokubaliana na hasira yako, ingawa nadhani uliielekeza mahali pasipo pake. Wewe unajua desturi yetu ya vitendawili. Mtegaji husema “Kitendawili,” nasi tunaitika “Tega.” Akishatega tunajaribu, tukishindwa tunampa mji, yeye anautembelea mji huo, anakula na kunywa huko kwa maneno mpaka aridhike, kisha anarudi kutupa jibu. Mji ni malipo. Watazamaji wa The L Word walilipa Jumapili nane, maana msimu wa sita ulikuwa na sehemu nane tu wakati ule wa tano ulikuwa na 12, na katika kila sehemu tulionyeshwa mtu mmoja zaidi mwenye sababu ya kumchukia Jenny. Alice aliibiwa wazo lake la filamu. Bette alirekodiwa kwa simu akiwa katika hali iliyoonekana kama ya usaliti, na mkanda huo ukawa kisu shingoni mwake. Shane alifichwa barua ya Molly, msichana aliyempenda. Ndani ya dari ilimofichwa barua hiyo ndimo pia zilimokuwa negativu zilizopotea za filamu ambayo Tina alikuwa ameisimamia kazini. Juu ya yote hayo, nyumba ya Bette na Tina ilikuwa ikiongezwa ghorofa, na ukingo wa ngazi za juu ulikuwa haujakamilika. Kila kitu kilipangwa kama meza ya karamu. Tarehe 8 Machi 2009 tulikaa kula, na tukaona wanawake wale wakihojiwa, kisha wakitembea pamoja huku wanatabasamu, na maandishi yakapanda. Mtegaji alikuwa ameuchukua mji na hakurudi.

Kwa hiyo kosa halikuwa katika ufunguzi, na nitakuomba uutazame mara moja zaidi kwa sababu moja. Rudi kwenye ufunguzi wa kwanza kabisa, ule wa tarehe 18 Januari 2004. Jenny amefika Los Angeles kuishi na Tim, kijana ambaye ni mchumba wake, na siku ile ya kwanza anachungulia upande wa pili wa uzio wa jirani, anawaona wanawake wawili ndani ya bwawa la kuogelea, mmoja wao akiwa Shane. Anaganda. Usiku anamsimulia Tim alichokiona, na katika kusimulia kwake tunaanza kuelewa kwamba maisha yake na kijana yule yameshakwisha ingawa wao wenyewe hawajui. Uzio ule ni mpaka wa tamthilia nzima: upande huu yuko msichana mwenye daftari, na upande ule kuna maji na watu wasiojua kwamba wanatazamwa. Kazi ya Jenny tangu siku hiyo ni kutazama na kusimulia.

Sasa hesabu miaka mitano kamili, hadi tarehe 18 Januari 2009, iliyokuwa Jumapili kama ile ya kwanza. Bwawa ni lile lile la Bette na Tina. Safari hii Jenny ndiye aliyemo majini, na wale waliokuwa wakitazamwa wamesimama ukingoni wakitazama. Yeye aliyewageuza wenzake kuwa hadithi amekuwa hadithi ambayo wenzake lazima waisimulie, mmoja mmoja, mbele ya polisi. Kinaya cha namna hiyo hakiji kwa bahati. Aliyeandika ufunguzi ule alikuwa ameukumbuka wa kwanza, na kwa dakika zile chache tamthilia iliyokuwa imeanza kuchoka ilijua tena inahusu nini. Mimi binafsi nausamehe ufunguzi wote kwa ajili ya maji yale.

Zingatia pia kwamba tukisharudishwa miezi mitatu nyuma, simulizi inatupokea usiku ule ule wa fumanizi. Swali lako la Jenny na Shane halikutupwa. Kadiri msimu unavyosonga inadhihirika kwamba kidonda cha Jenny hakikuwa Niki hata kidogo, bali Shane mwenyewe, na urafiki ule wa miaka unageuka mapenzi ambayo hakuna rafiki yao hata mmoja anayeyatakia heri. Wewe ulikuwa na haki ya kusubiri jambo hilo kwa utulivu, bila maiti mlangoni, na hapo ndipo ninaposema ujanja uliuonea usimulizi.

Nani alimuua? Ilene Chaiken, aliyeibuni tamthilia hii, hakulitoa jibu ndani yake. Baada ya sehemu ya mwisho ya Machi 2009, Showtime ilitoa kwenye intaneti vipande vya mahojiano ya polisi, na vipande hivyo vilitufunulia zaidi maisha ya wahojiwa kuliko kifo cha aliyekufa. Ilirekodiwa pia sehemu ya majaribio ya tamthilia nyingine ya gereza la wanawake, ambamo Leisha Hailey, aliyeigiza Alice, angeendelea kuonekana, lakini kituo hakikuichukua. Ndipo mwaka 2019 ulipokuja mwendelezo wake, The L Word: Generation Q, ukiwa mikononi mwa Marja-Lewis Ryan, na humo tukaambiwa kwa maneno machache kwamba Jenny alijiua. Jibu likaja baada ya miaka kumi, likapitishwa katikati ya mazungumzo kama mtu anayekupa chenji huku anamtazama mteja mwingine. Ukiniuliza kama nalikubali, nitasema linapingana na mambo mengi tuliyoonyeshwa, ukiwemo ule ukingo wa ngazi ambao kamera iliung'ang'ania vile.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi nilianza na Generation Q kwa sababu ndiyo niliyoikuta, na dada yangu mkubwa anasema sina ruhusa ya kutoa maoni mpaka nitazame ya zamani. Misimu sita ni mingi na nina mitihani. Je, naweza kutazama sehemu za ufunguzi peke yake nikaelewa?

Mwanafunzi, Nairobi

JIBU: Marahaba. Dada yako ana haki nusu. Sehemu ya ufunguzi katika tamthilia hii hufanya kazi mbili, kuzika ya msimu uliopita na kupanda ya msimu mpya, na kwa hiyo ukizitazama zenyewe utaona makaburi mengi bila kujua waliozikwa. Hata hivyo kama muda haukuruhusu, anza na ule wa 2004 wote, usiruke hata dakika moja. Ule wa msimu wa pili, wa tarehe 20 Februari 2005, ndio ulioleta wimbo wa utambulisho wa kundi la Betty, wimbo ambao mashabiki wengi wanadai kuuchukia na wote wanaujua kwa moyo. Usiuruke, utauhitaji mkibishana. Ule wa msimu wa tatu, wa tarehe 8 Januari 2006, utakuchekesha, kwa sababu Alice ameachwa na Dana na amejiwekea nyumbani picha ya Dana ya kadibodi yenye kimo cha mtu mzima. Cheka, lakini ujue kwamba katika msimu huo huo Dana, mchezaji tenisi aliyeigizwa na Erin Daniels, anafariki kwa saratani ya matiti, na hapo ndipo utakapoelewa kwa nini dada yako hawezi kutajiwa kadibodi ile.

Msimu wa sita utazame kwa hiari yako. Kwa kuwa ulianza na Generation Q, umeshamkuta Bette akigombea umeya wa Los Angeles, Alice ana kipindi chake cha mahojiano, na Shane anarudi mjini akiwa na fedha. Ni watu walioponyoka kwenye msiba ambao wewe hukuuona. Wala usisikitike kwamba yako ilikuwa fupi. Ilidumu misimu mitatu, ikasitishwa Machi 2023, na mashabiki wake walilalamika kama sisi tulivyolalamika. Mitihani kwanza.

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi ni mwalimu mstaafu wa fasihi, ninaishi Leicester kwa binti yangu, ambaye ndiye aliyenikalisha kuutazama msimu wa sita ingawa sikuwa nimetazama mitano ya kwanza. Nina mambo mawili. Kwanza, naona katika tamthilia za Kizungu za wanawake wapendanao ni lazima mmoja afe. Je, hii ni kanuni ya tanzu hiyo? Pili, jina la sehemu ile ya kwanza, Long Night's Journey into Day, linanukia tamthilia ya jukwaani ninayoifahamu, ila kama limegeuzwa ndani nje.

Mwalimu Mstaafu, Leicester

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Pua yako haijastaafu. Jina hilo ni lile la tamthilia ya Eugene O'Neill, Long Day's Journey into Night, lililopinduliwa: kwake siku ndefu inaishia usiku, na hapa usiku mrefu unasafiri kwenda mchana. Katika O'Neill familia moja inafungiwa ndani ya nyumba na kuteguliana siri hadi giza linaingia. Waandishi wa Showtime walilenga juu, na sidhani kama walifika, lakini ni heri mtu alenge mnazi akaangusha embe.

Hilo la kufa lina historia ndefu kuliko tamthilia hii. Huko Marekani studio za filamu zilijifunga kwa kanuni za maadili zilizoandikwa mwaka 1930, zikasimamiwa kwa ukali tangu 1934, na hazikuondolewa mpaka 1968. Mapenzi ya jinsia moja yalihesabiwa humo kuwa ni upotofu usiopaswa hata kudokezwa, na filamu zilizodokeza zilipendelea kumwadhibu mhusika, apate wazimu, ajiue au auawe. Kanuni zilikwisha lakini mkono uliozoea kuandika hivyo haukusahau. Mei 2002 Tara wa tamthilia ya Buffy the Vampire Slayer alipigwa risasi dirishani baada tu ya kupatana na mpenzi wake. Machi 2016 Lexa wa The 100 naye akafa kwa risasi ambayo haikuwa yake, mara tu baada ya kulala na mpenzi wake. Safari hiyo watazamaji walichoka kunung'unika wakachanga fedha, wakaipa taasisi inayosaidia vijana walio katika hatari ya kujiua. Kwa hiyo, Mwalimu, si kanuni ya tanzu. Ni tabia mbaya ya waandishi.

Ningemtenga Jenny kidogo na orodha hiyo. Risasi ya Tara na ya Lexa iliwapata walipokuwa wameanza tu kufurahi, na katika tamthilia zile wapenzi wa namna yao walikuwa wachache, hivyo mmoja akiondoka pengo linabaki wazi. The L Word ilikuwa imejaa wanawake wa namna hiyo kuanzia chumba cha kulala hadi mkahawa wao wa The Planet, na kifo kimoja hakikuweza kusomwa kama hukumu juu ya wote. Bette na Tina waliachana na kurudiana mara nyingi kuliko ninavyoweza kuzihesabu, na mwishoni mwa Generation Q, Januari 2023, wakafunga ndoa wakiwa na binti aliyekwishakuwa mtu mzima. Kifo kilichoniuma zaidi ni cha Dana, kwa sababu hakikuwa na fumbo lolote, na mtu aliyewahi kumuuguza ndugu mwenye saratani alikiamini kila kitanda na kila bomba.

Binti yako amekufanyia hila kukuanzishia msimu wa sita. Mdai akupe ule wa kwanza, na akianza kukuhadithia kabla ya wakati, mwambie aoshe vyombo.

SWALI: Ninaishi Vancouver na ningependa kujua bwawa hilo mnalolizungumzia liko mtaa gani Los Angeles, maana nitasafiri kwenda huko Desemba.

Msafiri, Vancouver

JIBU: Ndugu yangu, usihangaike na tiketi kwa ajili ya bwawa. Sehemu kubwa ya The L Word ilirekodiwa huko huko kwenu Vancouver, na jua lile la California ambalo Jenny alilichungulia juu ya uzio lilikuwa mara nyingi ni jua la kwenu, lililosubiriwa mvua ikatike.